Kiungo

Kwanza nilimjua kwa soksi.
Wenzake hunirushia zao zimeviringana
kama mandazi yaliyoungua;
zake zilikuja zimenyooshwa,
ndani ya kila moja kipande cha gazeti kufyonza maji.
Rezwan Howlader, jezi kumi na nne,
miaka thelathini na mmoja, mkataba wa msimu mmoja,
mzaliwa wa Barisal, ambako, alisema,
mito ni mingi kuliko njia.

Kaloleni ilimwita Mhindi.
"Mimi si Mhindi. Bangladesh."
"Sawa, Mhindi," wakajibu jukwaani, wakitafuna njugu,
na kufikia Juni walikuwa tayari kupigana kwa ajili yake
kwa jina hilohilo.

Tuna neno, kiungo,
nami nimelitamka tangu utotoni bila kulisikia.
Kiungo ni mtu wa katikati ya uwanja.
Kiungo ni goti.
Kiungo ni kile alichokibeba
ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi, mbegu za aina tano,
akazikaanga chumbani Pangani siku ya mvua
hadi mwenye nyumba akapanda ngazi kuuliza kinachoungua,
akashuka na sahani.

Hakufunga bao hapa. Andika hivyo, ni kweli.
Huko Dhaka, misimu kumi na mmoja, mabao matatu,
moja kati ya hayo langoni mwao wenyewe.
Kazi yake ilikuwa pasi inayozaa pasi,
ile ambayo ikipigwa mtangazaji anameza mate.
Alisimama kando kidogo ya pale unapomtarajia,
shingo kushoto, kulia, kushoto tena,
kama mtu anayevuka Barabara ya Jogoo,
kisha ule upande wa ndani wa mguu, bila haraka,
na Shikuku, winga wetu,
akajikuta peke yake na kipa
akadhani ni mbio zake.

Nikaanza kuzihesabu.
Daftari la Kasuku, penseli ya kocha,
mstari mmoja kwa kila pasi ya nyuma ya pasi.
Na vijana wa Dandora: saba.
Na askari wa magereza, kwenye tope jeusi
linalovua watu viatu: kumi na mbili.
Mshahara wa Julai haukuja. Wa Agosti ulikuja kama ahadi.
Yeye aliendelea kupeana.

Goti lilikwenda dakika ya sitini na nane, Camp Toyoyo.
Hakuna aliyemgusa.
Alikuwa anageuka tu, kama kawaida yake, kutazama nyuma.
Nilikuwa kando ya ndoo ya maji, nikasikia
mlio mdogo, mtu kavunja muwa mwembamba.
Hakulia. Aliuliza mpira umeenda wapi.

Jezi ile nimeifua mara tatu.
Doa la binzari kwenye ukosi halitoki.
Anayeivaa sasa, kijana wa Jericho mwenye mapafu ya farasi,
hukimbia kila mahali
isipokuwa pale.

Jumatatu simu yangu ililia saa kumi na moja alfajiri.
Kwake palikuwa pameshapambazuka, nikasikia wauza samaki wakigombana.
Goti? Halijambo, siku hizi linatabiri mvua.
Wale samaki wenu wenye miiba? Bado wana miiba.
Pesa zangu?
Nikakohoa.
Akacheka, basi, akaliacha hilo.

"Jana mmecheza?"
Tumefungwa, mbili kwa moja.
Akanyamaza, kisha, kwa Kiswahili chake cha Kaloleni:
"Bao letu. Nani alifunga?"
Shikuku.
"Nani alimpa?"
Mulandi.
"Na Mulandi, nani alimpa?"

Nikatupa blanketi kando,
nikapapasa gizani kutafuta daftari.